Kabla ya Kununua Plena, Uliza Ngoma Yake ya Visu

Haya ni maneno ya mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya mafundi wa mbao, wakufunzi na wanagenzi waliokusanyika Kitale kutoka Trans Nzoia na Bungoma. Yamefupishwa kidogo ili yatoshee katika jarida hili.



Nianze kwa kusema ukweli ambao wengi wenu mmeshautambua kwa kuniangalia mikono. Mimi si fundi. Nilisomea uandishi wa habari, na kazi yangu katika kaunti ni kuandika taarifa, kupiga picha na kujibu simu za waandishi. Lakini nilikulia karakanani. Khocha wangu, ndugu yake mama, alikuwa na karakana ya mbao upande wa Bungoma, na likizo zangu za shule zilikwisha huko nikifagia maranda na kuyajaza kwenye magunia ya wafugaji wa kuku.

Khocha alikuwa na vidole vinane. Sisi watoto tukimuuliza vile viwili viko wapi, alituambia alivisahau sokoni Chwele siku alipokwenda kununua ng'ombe. Tulicheka. Nilipomaliza kidato cha nne ndipo aliponikalisha chini na kunieleza. Alikuwa amenunua mashine ya randa iliyotumika. Aliuliza bei, akauliza nguvu ya mota, akapima urefu wa meza, akapanda juu yake kuona kama ni imara. Jambo moja hakuuliza: ngoma inayobeba visu ina umbo gani. Ilikuwa ya mraba. Wiki ya tatu, kipande kifupi cha mbao kiliruka, na mkono wake ukaenda mahali mbao ilipokuwa.

Kwa hiyo leo nimeomba nizungumze juu ya swali hilo moja ambalo khocha hakuuliza. Niliyo nayo nimeyapata kwa kuuliza mafundi, wakufunzi na wauzaji, na kwa kusoma sheria. Penye kosa, mafundi mlioko hapa mnirekebishe.

Ngoma ni kitu gani

Tukisema plena tunachanganya mashine mbili. Kuna ile ya juu, ambayo fundi anasukuma mbao kwa mkono juu ya meza ili uso mmoja unyooke na ubavu uwe wa pembe mraba. Halafu kuna thiknesa, ambayo inameza mbao yenyewe kwa rola na kuitoa upande wa pili ikiwa na unene ule ule mwanzo hadi mwisho. Wengi wenu mna kombaini, mashine moja inayofanya kazi zote mbili, pengine na msumeno ubavuni.

Zote zina moyo mmoja: ile ngoma ya chuma inayozunguka katikati ya meza, iliyobeba visu. Meza yaweza kuwa nzuri, mota yaweza kuwa mpya, rangi yaweza kung'aa; lakini kinachogusa mbao ni ngoma na visu vyake basi. Na kitakachogusa kidole, Mungu apishie mbali, ni hicho hicho.

Tufanye hesabu kidogo. Ngoma yenye kipenyo cha milimita 100 ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, ncha ya kisu inakwenda mita 21 hivi kwa sekunde. Hiyo ni karibu kilomita 75 kwa saa, mwendo wa matatu kwenye lami nzuri. Inazunguka mara 66 kila sekunde. Hakuna mtu mwenye mkono mwepesi wa kushindana nayo. Fundi anayesema "mimi nimezoea" aikumbuke namba hiyo.

Aina nne mtakazokutana nazo

Ya kwanza ni ngoma ya mraba. Ni kipande cha chuma chenye pande nne, na visu vimefungwa kwa bolti juu ya ubavu. Utaikuta kwenye mashine za zamani sana na kwenye baadhi ya mashine za kuundwa mtaani, kwa sababu ni rahisi kutengeneza. Ubaya wake uko kwenye umbo. Kati ya kona na kona kuna pengo kubwa. Kidole kikiteleza, hakikatwi ncha tu. Kinaingia pengoni, na kona inayofuata inafika kabla hujapiga kelele. Hivyo ndivyo vidole vya khocha vilivyokwenda. Huko Uingereza, kanuni za mwaka 1922 zilikataza ngoma ya namna hii kwenye plena ya kusukuma kwa mkono. Huo ni mwaka wa 1922, kabla reli haijafika Kitale. Reli ilifika hapa 1926.

Ya pili ni ngoma ya mviringo yenye visu virefu vilivyonyooka, viwili, vitatu au vinne. Kila kisu kinakaa kwenye mfereji wake, kikibanwa na chuma cha kabari na bolti zake. Kisu kinachomoza kidogo tu juu ya mviringo, takriban milimita moja. Bado itakukata, tusidanganyane. Lakini kwa kawaida inamega ncha ya kidole, haivuti mkono. Hii ndiyo ngoma ya karakana nyingi za kwetu, na ikitunzwa vizuri inafanya kazi safi.

Ya tatu ni ngoma ya mviringo yenye visu vyembamba vya kubadilisha haraka. Kisu hakinolewi. Kina makali pande mbili. Upande mmoja ukiisha unakigeuza, pande zote zikiisha unakitupa. Kinaingia mahali pake chenyewe, huhitaji kupima kimo. Shida yake kwetu ni moja: vile visu ni vya umbo maalumu. Kabla ya kununua, hakikisha unajua duka litakalokuuzia vingine, hapa Kitale, Eldoret au Nairobi. Mashine isiyo na visu ni meza ghali ya kuwekea chai.

Ya nne ni ile inayosifiwa sana siku hizi: ngoma ya mzunguko wa hesi. Badala ya visu virefu, imejaa vikato vidogo vya mraba vya kabaidi, vimepangwa kama nyuzi za skrubu kuizunguka ngoma, kila kimoja na skrubu yake. Kila kikato kina makali manne. Upande mmoja ukichoka unalegeza skrubu, unakigeuza robo, unakaza. Kwa sababu vikato havigusi mbao kwa pamoja, sauti hupungua sana, na mbao yenye nyuzi zilizopindana hainyofoki ovyo.

Usikimbilie ya nne kwa sababu ya sifa. Tuangalie kwanza mbao zetu.

Mbao ya kwetu inataka nini

Mnakumbuka Februari 2018, serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma. Sipres na paini za Mlima Elgon na Cherangani zikaadimika. Hadi Rais alipotangaza Julai 2023 kwamba marufuku imeondolewa, wengi wenu mlikuwa mmeshageukia miti ya mashambani: mkaratusi wa uzio, mgrevilea wa kando ya shamba la mahindi, na mbao za kutoka ng'ambo ya mpaka. Mkazoea. Na ngoma zenu zikaanza kula vitu ambavyo hazikuwa zikila zamani.

Sipres na paini ni laini. Kisu cha chuma kizuri, kile ambacho wauzaji wanakiandika HSS, kikiwa kimenolewa vyema, kinazitoa laini kama sabuni. Adui hapa ni utomvu na macho ya mbao. Utomvu unaganda kwenye kisu, kisu kinapata joto, fundi anadhani makali yameisha kumbe ni uchafu. Safisha kwanza, ndipo uamue kunoa.

Mkaratusi na mgrevilea ni habari nyingine. Nyuzi za mkaratusi hupindana. Upande huu zinalala kuelekea kwako, sentimita ishirini mbele zinalala kinyume. Kisu kirefu kinapiga upana wote kwa kishindo kimoja na kunyofoa. Hapo ndipo ngoma ya hesi inapoonyesha faida yake, kwa sababu kila kikato kinachukua kidogo kidogo. Ukiwa na visu virefu, njia yako ni hii: makali mapya, pasi nyembamba, na mwendo wa polepole.

Mvule nao una siri yake, na mafundi wa Bungoma wanaijua. Ndani ya mvule huwa kuna mawe. Mti wenyewe huyatengeneza, ni chokaa iliyoganda, na kwa nje huyaoni. Kisu cha HSS kikipiga jiwe la mvule kinapata pengo. Kabaidi inavumilia zaidi uchakavu wa mbao ngumu, lakini kabaidi ni kama kioo: ni ngumu, haipendi kugongwa. Ikigongwa inamenyeka.

Sasa tufike kwenye misumari. Mti uliokuwa nguzo ya uzio una seng'enge ndani yake. Mti umekua ukaimeza, gome likafunika, mwenye shamba mwenyewe amesahau. Fundi mmoja hapa Kitale alinionyesha ubao wa mkaratusi wenye doa la buluu-nyeusi na kuniambia, "Doa hilo ni barua. Chuma kimeniandikia kwamba kimo humu." Ni kweli: dawa iliyo kwenye mbao ya namna hiyo ikikutana na chuma inatoa weusi. Ukiliona doa, simama. Pitisha sumaku au kifaa cha kutafutia chuma. Piga ubao brashi ya waya kuondoa udongo na mchanga, kwa maana mchanga unamaliza makali kama msumari.

Na ikitokea umepiga msumari? Kwenye visu virefu, visu vyote vitapata pengo mahali pamoja, na kila ubao utatoka na mstari uliosimama. Kabla ya kupeleka kunoa, legeza kisu kimoja, kisogeze kando milimita moja au mbili, ukaze tena. Pengo la hiki litafunikwa na makali ya kile. Utamaliza kazi ya leo. Kwenye ngoma ya hesi utageuza vikato viwili au vitatu vilivyoumia, na vingine vinaendelea. Kwa mtu anayepasua miti ya uzio, jambo hilo lina uzito kuliko sifa zote za kwenye karatasi.

Laini ya ubao inatoka wapi

Mteja hajui ngoma. Anapapasa ubao, basi. Ukiangalia ubao kwa taa ya kando utaona mawimbi madogo. Kila wimbi ni alama ya kisu kimoja. Wimbi likiwa fupi, ubao ni laini.

Urefu wa wimbi unaupata kwa hesabu ya darasa la sita. Ngoma inazunguka mara 4,000 kwa dakika na ina visu vitatu: mikato 12,000 kwa dakika. Thiknesa inameza mita 6 kwa dakika, yaani milimita 6,000. Gawanya: wimbi ni nusu milimita. Ukiwa na visu viwili, wimbi linakuwa milimita 0.75. Ukiongeza mwendo hadi mita 12 kwa visu vile vile vitatu, wimbi linakuwa milimita nzima na mteja atakurudishia kabati.

Lakini hesabu hiyo inashikilia tu kama visu vyote vimekaa kimo kimoja. Kisu kimoja kikiwa juu ya wenzake, hicho peke yake ndicho kinachokata mwisho, na ngoma yako ya visu vitatu imekuwa ya kisu kimoja. Ndiyo maana napenda kusema kwamba kuchagua ngoma ni kuchagua kazi utakayoifanya kila wiki. Visu virefu vinadai fundi mwenye subira: alinganishe kimo cha kila kisu na meza ya nyuma, akaze bolti kidogo kidogo akianzia katikati kwenda pembeni, azungushe ngoma kwa mkono kabla ya kuwasha, halafu akaze tena. Na visu vinolewe kwa pamoja, vibaki na uzito sawa. Kimoja kikiwa chepesi, ngoma inatikisika, beringi zinakufa, na siku moja bolti inalegea.

Meza ya nyuma nayo iwe sawasawa na kilele cha kisu. Ikiwa chini, mwisho wa ubao unaliwa. Ikiwa juu, ubao unagonga ukingo na kusimama. Mafundi wengi hulaumu visu kwa kosa la meza.

Kwenye ngoma ya hesi huna kazi hiyo ya kulinganisha, lakini una kazi nyingine. Unapogeuza kikato, safisha kikalio chake kabisa. Chembe moja ya unga wa mbao chini yake inakiinua, na ubao unatoka na mchirizi. Skrubu isikazwe kwa hasira, kabaidi itapasuka. Na usichanganye vikato vya duka hili na vya duka lile bila kupima, maana tofauti ndogo ya ukubwa inaonekana kwenye ubao.

Stima, kelele na maranda

Uliza mota kabla ya ngoma ya hesi. Wengi wanaoitumia huiona inataka nguvu zaidi kwa kina kile kile cha kukata. Kama una mota ndogo ya fezi moja na stima ya mtaani inayopungua jioni, chukua pasi nyembamba au ubaki na visu virefu. Mota inayoguna kila ubao inaungua.

Kelele nayo ni afya. Kanuni za Kenya za kuzuia kelele kazini za mwaka 2005 zinataka mfanyakazi asipate zaidi ya desibeli 90 kwa saa nane. Plena ya visu virefu inapita hapo kwa urahisi. Ngoma ya hesi inapunguza, lakini haikuondolei haja ya kuziba masikio. Wazee ambao mnaniomba nirudie kila sentensi mnanielewa.

Hata maranda yana neno. Visu virefu vinatoa maranda marefu mepesi ambayo mfugaji wa kuku anayapenda. Ngoma ya hesi inatoa vipande vidogo. Kama maranda ndiyo yanayokulipia stima, ongea na mteja wako wa kuku kwanza.

Hesabu ya pesa

Muuzaji atakuambia ngoma ya hesi inajilipa. Huenda. Tufanye hesabu, na namba hizi ni za mfano tu. Wewe weka za kwako.

Tuseme karakana kubwa inanoa visu kila wiki, shilingi 900 kwa seti. Kwa wiki 50 ni shilingi 45,000. Inanunua seti mpya mara mbili kwa mwaka, shilingi 6,000 kila moja: 12,000. Jumla 57,000. Tuseme ngoma ya hesi ni shilingi 120,000, na vikato vya mwaka ni shilingi 12,000. Karakana hiyo inaokoa shilingi 45,000 kwa mwaka, na ngoma inajilipa kwa miaka miwili na miezi minane hivi. Hapo hatujahesabu nusu siku inayopotea kila ukifungua visu. Inafaa.

Sasa chukua karakana ndogo inayonoa mara moja kwa mwezi. Kunoa ni 10,800 kwa mwaka, seti moja mpya 6,000. Jumla 16,800. Tuseme vikato vyake vingegharimu 4,000 kwa mwaka. Anaokoa 12,800. Shilingi 120,000 zitarudi baada ya miaka zaidi ya tisa. Huyo ndugu yangu, anunue visu bora vya HSS, amtafute mnoaji mwaminifu, na fedha zilizobaki anunue kinga ya mashine na bima ya wafanyakazi wake.

Na kama utaibadilisha ngoma kwenye mashine uliyo nayo, nenda dukani na vipimo, si na picha ya simu peke yake: kipenyo cha ngoma, urefu wake, ukubwa wa shafti mahali beringi zinapokaa, puli na ufunguo wake, na upande inaozungukia. Milimita mbili zikikosea, ngoma haiingii, au inaingia na kuigonga meza.

Sheria inasema nini

Hapa nivae kofia yangu ya kazi. Kanuni za mashine za mbao za Kenya zimekuwapo tangu 1959. Zinataka plena ya kusukuma kwa mkono iwe na ngoma ya mviringo, na iwe na daraja la kinga linalofunika visu. Juu yake ipo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, inayomtaka mwenye karakana afunike sehemu hatari za mashine. Na ipo Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, nayo ya 2007, inayomtaka mwajiri awawekee wafanyakazi bima. Mwanagenzi akiumia kwenye ngoma ya mraba isiyo na kinga, hakuna hakimu atakayesikiliza habari ya kwamba ilikuwa ya bei nafuu.

Najua mtaani tunaunda mashine zetu wenyewe, na ninajivunia mikono hiyo. Fremu ichomelewe hapa, meza ichomelewe hapa. Lakini ngoma, nawasihi, isiwe kipande cha shafti kilichochomelewa vibao vya kushikilia visu. Inunuliwe, au itengenezwe na fundi wa leithi anayejua kuisawazisha uzito, tena ya mviringo. Kisu kikichomoka kwenye mwendo ule ni risasi.

Kinga zenyewe si ghali. Kijiti cha kusukumia unakikata kwenye masalio. Kibao chenye mshikio unakitengeneza kwa dakika kumi. Kipande kilicho kifupi kuliko sentimita 30 usikipitishe. Panga kazi ili ubao upigwe randa ukiwa mrefu, ndipo ukatwe. Mikono ya shati ikunjwe. Na glavu zivuliwe: glavu kwenye plena haikulindi, inakuvuta.

Neno kwa vyuo na kwa wanaoomba zabuni

Chini ya Katiba ya 2010, vyuo vya ufundi vya vijijini viko mikononi mwa kaunti. Hao ni watoto wetu. Wakufunzi mlio hapa, mnapoandika orodha ya mahitaji, msiandike "plena moja" na kuacha hapo. Ukiandika hivyo utaletewa plena moja, na itakuwa ile ya bei ya chini kabisa. Andikeni: ngoma ya mviringo, idadi ya visu, upana, kasi ya mzunguko, daraja la kinga, fezi ya stima iliyopo chuoni, na seti mbili za visu vya akiba. Mistari saba inaweza kuokoa vidole kumi.

Nanyi vijana, akina mama na ndugu zetu wenye ulemavu mnaoomba kazi za serikali: sheria imewatengea asilimia 30 ya zabuni. Madawati na viti vya watoto wa chekechea ni sehemu yake. Mkaguzi atapapasa kiti, na mtoto atakikalia. Ubao ulionyofoka unatoa vibanzi. Ngoma nzuri iliyotunzwa inawasaidia kushika kazi ya mwaka ujao pia.

Maswali ya kwenda nayo

Nimalize. Ukifika kwa muuzaji, awe wa duka kubwa au jirani anayeuza iliyotumika, zima mota, chomoa waya, ondoa kinga na uangalie ngoma kwa macho yako. Jiulize haya. Je, ni ya mviringo? Kama ni ya mraba na mashine ni ya kusukuma kwa mkono, rudi nyumbani na fedha zako. Je, visu vinachomoza kiasi gani? Kabari na bolti zina nyufa au nyuzi zilizoliwa? Ngoma ukiizungusha kwa mkono inasaga au inacheza? Visu vyake nitavipata wapi, na nani atavinoa? Mbao ninayopiga zaidi ni ipi? Na mota yangu inaiweza?

Khocha aliendelea na kazi baada ya ajali. Aliiuza ile mota, meza akaigeuza benchi. Ile ngoma ya mraba hakumuuzia mtu, ingawa walikuja wengi kuiulizia. Aliizika nyuma ya karakana, chini ya mparachichi, na akatuambia kwamba kitu kilichokula vidole vya mtu hakiuzwi kwa mtoto wa mtu mwingine. Karakana ina mashine nyingine sasa, ya ngoma ya mviringo, yenye daraja la kinga lililopakwa rangi nyekundu. Binamu yangu ndiye anayeiendesha. Ana vidole kumi.

 Sasa nasubiri mnisahihishe.